Kabla ya Tahiti, Panda Boti Uende Lundo

Kuna swali ambalo siku hizi linaulizwa hata huku kwetu Namswea, Mbinga, mahali ambapo zamani likizo ilikuwa ni kwenda kumsalimia bibi na kumsaidia kuchuma kahawa. Vijana waliopata kazi Songea, Dodoma na Dar es Salaam wanarudi nyumbani na simu zilizojaa picha za Tahiti na Bora Bora: vibanda vya makuti vimesimama juu ya maji ya kijani, mlima uliochongoka kwa nyuma, minazi imeinamia mchanga mweupe. Wanawaonyesha wadogo zao, na wadogo zao wanawaonyesha wazee. Kisha swali linatua katikati ya baraza: tukipata nafasi, twende kisiwa gani?

Nalichukulia swali hilo kwa uzito. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kwenda mahali penye maji akapumzika, na wapo miongoni mwetu ambao wataweza kwenda mbali. Lakini kila ninapolisikia, jibu langu huwa moja: anza na visiwa vya Ziwa Nyasa. Sisemi hivyo kwa kuwa ni rahisi kwa nauli, ingawa ni kweli ni rahisi. Nasema hivyo kwa sababu visiwa vyetu vina mambo ambayo mtu wa Tahiti angelazimika kuvuka dunia ili ayaone, na sisi tunayapita tukiwa tumeinamia picha za kwao.

Tuwatendee haki kwanza hao Wapolinesia, watu wa Tahiti na visiwa vya huko. Nchi yao ni pembetatu kubwa ya bahari: Hawaii iko kaskazini, New Zealand kusini-magharibi, na Rapa Nui mashariki kabisa. Ndani ya pembetatu hiyo zimo Samoa, Tonga, Visiwa vya Cook, na zaidi ya visiwa mia moja vilivyo chini ya Ufaransa, Tahiti na Bora Bora vikiwemo. Bora Bora ni mabaki ya volkano ya kale iliyozungukwa na ukingo wa matumbawe, na kati ya mlima na ukingo huo maji yametulia kama ya bwawa. Ni pazuri kweli, hakuna wa kubisha. Kutoka Dar es Salaam hakuna ndege ya moja kwa moja. Unapitia Ulaya au Marekani, na kwa kuwa ni himaya ya Ufaransa, mlango wa viza ni wa Wafaransa. Ukishafika, kazi ya kuchagua ndiyo inaanza, maana kutoka kisiwa kimoja hadi kingine ni safari nyingine ya ndege au meli.

Na Wapolinesia si wageni kwetu kabisa. Mababu wa watu hao walikuwa ndugu wa mabaharia wa Kiaustronesia waliovuka Bahari ya Hindi na kuijaza Madagaska. Ngalawa ya Unguja na Mafia, yenye mirengu pande zote mbili, ni ya ukoo mmoja na mitumbwi ya Pasifiki. Shelisheli linalochemshwa na kukaangwa Zanzibar asili yake ni visiwa vya huko. Kwa hiyo atakayekwenda Tahiti atakuta vitu ambavyo mwambao wetu unavijua tangu zamani. Atakayeshuka Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, atakuta vitu ambavyo mwambao hauna, na Tahiti pia haina.

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami. Wakubwa wanaokumbuka barabara ya zamani, ile ya tope na kona ambapo gari lililala njiani siku mbili wakati wa masika, wanajua maana ya lami hiyo. Unaanza kwenye ubaridi wa milima, kwenye mashamba ya kahawa na miteremko iliyochimbwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayokamata maji ya mvua na kuzuia udongo usiporomoke. Kisha unaanza kushuka, kona baada ya kona. Sweta linavuliwa. Mihogo na miembe inachukua nafasi ya migomba na kahawa, na hewa inakuwa nzito yenye harufu ya samaki waliokaushwa. Ghafla ziwa linafunguka mbele, na ng'ambo yake huioni.

Ziwa Nyasa lina urefu unaokaribia kilomita 580, na kina chake kinafika mita 700 hivi. Kwa eneo ni la tatu Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Kwa aina za samaki halina mpinzani duniani: wataalamu wanakadiria aina mia saba hadi elfu moja, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Watu wa pwani ya ziwa wanawajua wale wa chakula, yaani usipa anayeanikwa mchangani, mbasa, magege, kambale. Lakini mgeni wa visiwani anapaswa kuwatazama wale ambao hawaendi sokoni, samaki wadogo wa kwenye miamba wanaoitwa mbuna.

Hapa ndipo suala la kuchagua kisiwa linapopata maana yake halisi. Mbuna anaishi kwenye mawe. Anakula ukungu wa kijani unaoota juu ya jiwe, anajificha kwenye nyufa za jiwe, na kijaruba chake cha kulinda huenda kisizidi ukubwa wa meza. Jike hutaga mayai machache tu, akayachukua mdomoni, akakaa nayo humo kwa wiki tatu hivi bila kula sawasawa mpaka vifaranga watoke wakiwa na uwezo wa kuogelea. Samaki wa namna hiyo havuki mchanga mtupu wala kina kirefu. Akitoka kwenye mawe yake ataliwa. Kwa hiyo kisiwa kimoja kikitenganishwa na kingine kwa kilomita chache za mchanga na kina, samaki wake wamekaa peke yao kwa maelfu ya miaka, wakabadilika rangi, wakawa wao. Ukienda kisiwa cha Puulu hujaona samaki wa Lundo. Ukienda Lundo hujaona wa Hongi.

Hongi nitaisemea zaidi. Ni kisiwa kidogo cha mawe katika Wilaya ya Nyasa, na nadiriki kusema kuna watu wengi wanaolijua jina lake Ujerumani na Marekani kuliko Songea. Sababu ni samaki mmoja mdogo, dume lake la buluu iliyofifia lenye mistari ya kiza ubavuni, na kuanzia puani hadi kwenye pezi la mgongo amepakwa rangi ya machungwa. Wafugaji wa samaki wa mapambo wanamwita kwa jina la kisiwa, Hongi, na wanamzalisha kwenye matangi ya vioo sebuleni mwao. Ukivaa miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia, ukajilaza juu ya maji karibu na mawe hayo asubuhi ambapo ziwa limetulia, unamwona nyumbani kwake: anafukuza mwenzake, anarudi, anakwaruza jiwe kwa meno, anafukuza tena. Jua linapenya maji mpaka chini. Hakuna chumvi ya kuwasha macho, hakuna kupwa wala kujaa, na hakuna tiketi ya kwenda Tahiti.

Lundo ni habari nyingine. Kisiwa hiki kiko kati ya Mbamba Bay na Liuli, karibu na nchi kavu, na anayependa mawe na samaki atafurahi. Ila mimi namwomba kila anayekwenda aende pia kwa ajili ya watu waliowahi kupelekwa huko. Zama za misheni, wagonjwa wa ukoma walitengwa Lundo. Mtu alikuwa na mke, watoto, shamba. Madoa yakatokea kwenye ngozi, vidole vikaanza kufa ganzi, na maji yakawekwa kati yake na jamaa zake.

Anayeota visiwa vya Polinesia ajue kwamba huko nako jambo hilo lilitokea, tena kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1866 ufalme wa Hawaii ulianza kuwapeleka wagonjwa wa ukoma Kalaupapa, rasi ya kisiwa cha Molokai iliyofungwa na bahari upande mmoja na genge refu upande mwingine. Wanahesabiwa kuwa kiasi cha watu 8,000 waliopelekwa huko kabla ya sheria ya kuwatenga kufutwa mwaka 1969. Padri Damien kutoka Ubelgiji aliishi nao, akaambukizwa, akafa mwaka 1889. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Leo Kalaupapa ni hifadhi ya kihistoria ya taifa la Marekani, na kuingia huko si kwa kujiendea tu, kwa heshima ya wagonjwa walioishi hapo na wachache waliochagua kubaki.

Ukoma wenyewe siku hizi unatibika kwa vidonge, na dawa hutolewa bure. Ndiyo maana naona Lundo inastahili zaidi ya kuitwa mahali pa kuchoma samaki na kupiga picha. Inastahili mwongozaji anayejua kusimulia, na bango lenye maneno ya kweli. Mtoto wa shule ya Namswea aliyefundishwa darasani kwamba mgonjwa wa ukoma asitengwe angeelewa kwa nusu saa ya kusimama pale, akitazama nchi kavu ilivyo karibu, kilichokuwa kinafanyika.

Liuli si kisiwa, lakini usiipite. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba uliopo majini unaofanana na sanamu ile maarufu ya Misri. Wenyeji wana jiwe lao, Pomonda, na simulizi za watu waliojificha kwenye pango lake nyakati za vita. Agosti 1914, vita ya kwanza ya dunia ikiwa changa kabisa, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilifika hapa na kuishambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa wakijuana vizuri, na inasimuliwa kwamba yule Mjerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba nchi zao zinapigana. Hapo hapo Liuli alifariki mwaka 1928 Arkidikoni William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyelizunguka ziwa hili kwa zaidi ya miaka arobaini huku macho yake yakiwa karibu kupofuka. Hospitali ya Mtakatifu Anna ingali inahudumia watu mpaka leo.

Johnson anatupeleka Likoma, kisiwa ambacho wazee wengi wa pwani ya Nyasa wanakitaja kwa mapenzi. Likoma na jirani yake Chizumulu ni mali ya Malawi ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji, na sababu ni misheni: makao makuu ya Waanglikana wa Universities' Mission yalikuwa Likoma, na mipaka ya wakoloni ikachorwa kwa kulifuata kanisa. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro lilianza kujengwa mwaka 1903 na kuwekwa wakfu mwaka 1911, jengo la mawe la ukubwa ambao haulingani na kisiwa chenyewe cha kilomita za mraba 18 hivi. Walimu na makasisi wa kwanza wa vijiji vingi vya mwambao huu walisomea huko, wakivuka ziwa kwa meli ya misheni. Kwa mtu wa Mbinga mwenye babu aliyesoma kwa Waanglikana, safari ya Likoma ni ya kutafuta ukoo wa elimu yake.

Lakini hiyo ni safari ya kuvuka mpaka wa nchi. Pasipoti igongwe muhuri uhamiaji, upite Nkhata Bay upande wa Malawi, halafu utafute chombo. Kwa miongo mingi meli ya Ilala ndiyo iliyobeba watu kwenda Likoma. Uliza kwanza kama inasafiri wiki hiyo. Kuhusu mpaka wa ziwani, Malawi inashikilia makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yanayouweka kwenye ufuko wetu, na Tanzania inashikilia kuwa mpaka unapita katikati ya maji. Wavuvi wa pande zote wanaendelea kukutana na kusalimiana, na msafiri mwenye karatasi zake hana la kuhofia.

Linalostahili hofu ni upepo. Mwera huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Mei hadi Agosti, na ukichachamaa ziwa linakuwa bahari. Askofu Chauncy Maples, ambaye jina lake lilipewa meli ya misheni, alizama Septemba 1895 dhoruba ilipoipindua boti yake. Hakuwa mgeni wa ziwa. Alikuwa ameishi Likoma kwa miaka kadhaa. Kwa bahati mbaya likizo ya shule ya Juni inaangukia kwenye mwera wenyewe, na familia nyingi hushuka Mbamba Bay wakati huo huo. Wacheze ufukweni, wale mbasa, wasilazimishe kisiwa. Mwenye boti akikuambia, "Leo hapana, mwanangu," usimwongezee fedha ili abadili mawazo. Hizo ni fedha za kununulia msiba.

Mwezi wangu ni Oktoba. Mwera umeshalegea, mvua hazijaanza, maji yako safi kuliko wakati mwingine wowote, na huku milimani kahawa imeshakwenda AMCOS, chama chetu cha ushirika, na malipo yameanza kuingia. Desemba nayo inafaa kwa wenye watoto, ila mawingu ya mchana uyaangalie na urudi mapema. Panda boti yenye injini na majaketi okozi ya kutosha watu wote, na ulivae lako. Kulikalia kama mto hakusaidii. Mitumbwi ya gogo moja ya wavuvi haina mirengu kama ngalawa za pwani, na asiyeizoea asijaribu kuvukia nayo. Usiogelee kwenye midomo ya mito, hasa Ruhuhu, kwa sababu ya mamba, wala kwenye maji yaliyotulia yenye majani karibu na vijiji, kwa sababu ya kichocho. Kwenye mawe ya visiwa, panapopigwa na mawimbi, hatari ya kichocho hupungua sana. Ukirudi nyumbani bado unaweza kupima, dawa zipo.

Anayetoka Kyela anaweza kuja kwa meli ya MV Mbeya II, inayobeba abiria 200 na kupita bandari ndogo za ufukweni. Hiyo nayo ni safari ya kufaidi macho, milima ya Livingstone ikiwa imesimama wima kushoto kwako karibu siku nzima.

Kwa anayetaka chumvi na matumbawe, Mafia naiweka mbele ya Unguja: hifadhi yake ya bahari ipo tangu 1995, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe huja karibu na Kilindoni. Kilwa Kisiwani ni ya anayependa historia. Sina zaidi la kusema kuhusu hizo, zimeandikwa sana.

Narudi kwenye Pasifiki kwa habari moja inayotuhusu. Yule konokono mkubwa tunayemkuta shambani baada ya mvua, ambaye asili yake ni Afrika Mashariki, alipelekwa na watu mpaka Tahiti na visiwa jirani, akazaana, akala mazao. Ili kumwangamiza, mwaka 1977 wakapelekwa kisiwa cha Moorea konokono wengine walao nyama kutoka Marekani. Wale wageni wakamwacha mkubwa, wakawageukia konokono wadogo wa kienyeji, ambao walikuwa wametofautiana kutoka bonde hadi bonde kama mbuna wetu walivyotofautiana kutoka mwamba hadi mwamba. Katika muda wa miaka kumi tu hao wa kienyeji walikuwa karibu wote wamekwisha porini Moorea. Wengi wa waliosalia ni wale waliokuwa wamehifadhiwa kwenye bustani za wanyama Ulaya na Marekani, na ni miaka ya karibuni tu wameanza kurudishwa.

Sisi hatuhitaji kwenda Moorea kujifunza hilo. Sangara aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu yakatoweka. Hapa hapa Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, wafanyabiashara wa samaki wa mapambo waliwahi kuhamishia mbuna wa sehemu nyingine kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, na leo baadhi ya samaki wa pale wamechanganyika na wageni hao. Hongi na Lundo bado vina samaki wao wenyewe.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukishuka Oktoba hii, usichukue samaki wa kisiwa kimoja ukamwachia kwenye kingine, hata kwa mchezo wa watoto kwenye ndoo. Usiache plastiki kwenye mawe. Mlipe mwenye boti wa kijijini ujira wake kamili, maana yeye ndiye mlinzi wa kwanza wa visiwa hivi. Na Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyozaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012, naiomba mambo mawili kabla ya hoteli yoyote kubwa kujengwa: katazo la wazi la kuhamisha samaki kati ya visiwa, na bango pale Lundo litakalowataja wagonjwa wa ukoma kwa heshima.